Siku Bwana Afya Alipofungua Koki Yangu

Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshazoea, maana mpaka leo nikipita sokoni hapa Newala kuna watu wazima na akili zao wakiniona kwa mbali wanainua kiganja puani wananusa, halafu wanajifanya wanajikuna. Nawaona. Najua wanachonusa. Na kwa kuwa kila mtu anaisimulia habari hii kwa namna yake (wapo wanaosema eti Bwana Afya alilewa akaimba, uongo mtupu, hakuimba), leo naisimulia mwenyewe niliyeaibika, ili kama ni kuchekwa basi nichekwe kwa yale niliyoyafanya kweli.

Zamani nilikuwa mbanguaji kwenye kiwanda cha korosho. Kiwanda kikafa, tukaambiwa turudi nyumbani tusubiri kuitwa, na mimi mpaka hii leo sijaitwa. Nikaanza na sufuria moja ya ugali wa muhogo barazani, nikaongeza wali, nikaongeza kuku, mwisho nikapata kibanda changu cha hoteli, kuta za udongo nimezipaka chokaa, bati juu, karibu kabisa na pale malori yanapopaki. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mwenye nguvu anauza anachoweza, na korosho ambazo zamani zilikuwa na mnunuzi mmoja tu sasa zikawa zinagombewa na watu wenye malori yao kutoka Dar es Salaam. Msimu ukifunguliwa mji unajaa, wanunuzi, madereva, makuli, wote wana njaa na wote wana haraka, na mama ntilie aliyefungua mlango siku hizo ndiye anayekula mwaka mzima. Ukikupita msimu, umebaki kufukuza nzi na kumsikiliza mume. Sasa leseni yangu ilikuwa imekwisha, na leseni mpya hupewi mpaka Bwana Afya akague hoteli yako na kusaini, na msimu ulikuwa unafunguliwa wiki inayofuata.

Ukaguzi wenyewe haukuwa na siri. Uwe na cheti kwamba umepimwa hospitali huna ugonjwa, uvae koti jeupe na ufunge kichwa, kucha fupi, kabati la vyombo liwe na wavu, shimo la taka liwe na mfuniko, choo kisikaribiane na jiko, maji ya kunywa yachemshwe, na mlangoni kuwe na maji ya kunawia yanayotiririka, siyo karai moja watu kumi wanachovya. Kwa hayo ya kutiririka sisi wote wa mtaa ule tulikuwa na mapipa ya mafuta yaliyochomelewa koki kwa chini. Pipa langu nimelipaka rangi ya bluu mwenyewe. Na Bwana Afya wa zamani, ambaye alikuwa amestaafu mwaka ule (Mungu amlinde, alituharibu vibaya), alikuwa na desturi moja: anafika, anapokea shikamoo zake, anaangalia koti, anachungulia sufuria, kisha analigonga pipa na kalamu. Pipa likiitika zito, limejaa, anasaini. Likiitika "ngoo" kama ngoma, anakutazama. Miaka yote ile sikumwona hata siku moja akifungua koki. Ndiyo maana sisi akina mama tulijua kulijaza pipa, tena kwa chochote kile, na hakuna aliyewahi kuuliza kanuni inasema nini hasa.

Haya, tuje kwenye maji. Ninyi mnaokaa huko chini mnaweza kudhani maji ni kitu cha kuchota. Huku juu mwezi wa tisa wa kumi, mvua hakuna, mashine ya kusukuma maji kule bondeni imeharibika (lini haikuharibika?), maji yanapanda kwa baiskeli, mtu anasukuma madumu kwenye ule mlima mpaka macho yanataka kutoka, na akifika juu bei anayokutajia unaweza kudhani anauza mafuta ya ubani. Wakati huohuo mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaanguka mashambani hayana mwenyewe, kila nyumba inakamua uraka, kile kinywaji cha mabibo yaliyolala yakachacha, kitamu, kina povu, na ukikinywa kwa kujisahau unaamkia chini ya mkorosho. Yaani kwa msimu ule mtu angekuja kwangu na kiu, ningempatia uraka upesi kuliko maji. Mungu naye ana utani.

Jumatano mchana akaja jirani yangu Mama Hadija, wa hoteli ya chai na vitumbua, anahema.

"Mama Anjela, umesikia? Bwana Afya mpya kesho yuko kwetu. Masasi kafungia wengi. Nanganga kafungia mpaka yule bibi wa maandazi!"

"Bibi wa maandazi kakosa nini?"

"Kakosa mfuniko."

Bibi wa maandazi afungiwe kwa mfuniko, mimi mwenye jiko la moshi nitapona? Ndani nilikuwa na madumu mawili ya maji, hayo ndiyo maji yangu yote, kesho yake yule wa baiskeli kasema haji, ana msiba Mkunya. Na hapa ndipo nilipofanya kijambo kidogo kilichonitia kwenye haya yote. Nikasema, mgeni anaanza kuona nini? Anaona sakafu. Nikachukua yale maji nikasugua sakafu, nikasugua meza, nikasugua mabenchi mpaka miguu yake, nikafua koti langu jeupe na vitambaa vya meza, nikabakiza jagi moja la maji ya kunywa yaliyochemshwa na ya kupikia ya kubahatisha. Jioni hoteli inang'aa, mimi mwenyewe natembea pembeni pembeni nisichafue. Halafu nikaligonga pipa.

"Ngoo."

Nnungu wangu! Nikakaa chini palepale kwenye sakafu yangu safi.

Ndipo akaingia mume wangu, Baba Anjela, anasukuma baiskeli kutoka shambani kwetu Chilangala na madumu ya uraka yamening'inia huku na huku. Uraka ule ulikuwa wa watu aliowaita Jumamosi waje kumsaidia kufagia chini ya mikorosho, maana huwezi kuita watu kazini ukawapa maneno matupu. Nikayatazama yale madumu. Nikalitazama pipa. Baba Anjela naye akanitazama, akasema, "Hapana."

"Ataligonga tu," nikamwambia. "Ataligonga, atasaini, ataondoka, utautoa uraka wako wote, hata tone halipotei."

"Na akinawa?"

"Tangu lini Bwana Afya akanawa?"

Jamani, mume wangu kwa miaka yote niliyoishi naye amewahi kuuliza swali moja tu la maana, na ni hilo, na mimi nikamjibu hivyo.

Asubuhi akaja. Kijana, mrefu, kalamu mfukoni, kitokacho mdomoni ni Kiswahili laini cha watu wa kule kaskazini kwenye mito na migomba (na huyo ndiye anayeletwa kwetu kutufundisha kutiririsha maji, sawa!). "Shikamoo mama," akasema, na mimi nikajibu "Marahaba, baba" kwa sauti nyembamba ambayo sijui niliitoa wapi. Akaomba cheti, nikampa. Akaangalia kucha, nikanyoosha vidole kama mtoto wa shule. Akafungua kabati, akainua mifuniko, akanusa mafuta ya kukaangia, akatoka nyuma akapima kwa hatua kutoka chooni mpaka jikoni, akarudi. Anakagua kweli huyu, siyo kama yule mzee. Akaitazama sakafu, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Mama, katika mkoa huu sijaona sakafu kama hii." Mimi nikavimba. Kwenye mabenchi walikuwa wamekaa madereva wa malori waliowahi kufika kabla ya msimu, wananisubiri nipakue, nao wakaniunga mkono, "Mama Anjela msafi sana huyo!"

Pipa alilipita. Hakuligonga hata kuligonga. Akakaa, akatoa karatasi, akatoa kalamu, akaanza kuandika, na mimi nikaona leseni hii hapa, msimu huu hapa. Kama Mungu angenipa busara ya kuku tu, ningenyamaza. Lakini mtu yuko nyumbani kwako saa ya chakula, kuku ananukia, wali umeiva, utamwacha aondoke hivihivi? Nimelelewa mimi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Karibu chakula, Bwana Afya."

Akaweka kalamu chini. "Kwa usafi huu, mama, nitakula. Ngoja ninawe."

Nilivyoruka! Nikadaka jagi la maji ya kunywa na karai, "Kaa, kaa baba, nakunawisha mezani, wewe mgeni!" Yeye akacheka, akanizuia kwa mkono. "Hapana mama, maji ya kunywa tusiyachezee, nimeambiwa yana shida huku. Koki si ile pale?" Na akakunja mikono ya shati.

Akafungua.

Ukatoka unatiririka vizuri kabisa, na povu juu. Yeye akatazama lile povu, akanigeukia na uso umejaa furaha, "Hee! Mama, hata sabuni umeshaitia humo humo?" Nikasema nini mimi? Nikasema, "Ndiyo." (Ndiyo! Mdomo huu!) Akanawa mpaka viwikoni. Akanawa uso. Akajimwagia shingoni kwa sababu ya jua. Akakinga kiganja, akasukutua, na hapo akasimama, mashavu yamejaa, macho yananitazama. Nilikuwa naomba ateme. Akameza.

"Mama Anjela," akasema polepole, "haya ni maji gani?"

Kabla sijajibu, dereva mmoja alikuwa ameshainuka na kikombe chake, kanusa, kakinga, kaonja, akapiga ukelele, "Jamani, koki ya uraka! Mama Anjela unayo hii na unatupa chai?" Basi benchi zima likahamia kwenye pipa na vikombe, mmoja kachukua sufuria, wanasukumana, mimi navuta mashati yao nalia "Acheni, acheni, ni maji hayo!", na katikati ya zogo lile akaingia Baba Anjela mbio kutoka nyuma, kanyoosha mikono yote miwili, anapiga kelele mtaa mzima unasikia, "Uraka wangu! Uraka wangu wa Jumamosi!"

Ningeweza kukana mpaka hapo. Baada ya hapo ningekana nini?

Na bado nyuki hawajaja. Wakati wa mabibo nyuki wa Newala hawana kazi nyingine, na utamu ule alikuwa nao Bwana Afya usoni, shingoni, mikononi. Nzi ndio walitangulia. Mtu ambaye kazi yake serikalini ni kupiga vita nzi alisimama mlangoni kwangu nzi wamemjaa mpaka kwenye nyusi, anajipiga makofi, kisha nyuki mmoja akamdunga mdomo wa chini, ukaanza kuvimba palepale tukiuona.

"Maji yako wapi?" akaniuliza, anaongea kwa shida. "Nauliza, mama, maji ya kunawa watu yako wapi?"

Nikaonyesha chini. "Umeyakanyaga, baba."

Akaitazama ile sakafu kwa muda. Akachukua karatasi yake, akafuta alichoandika, akaandika kingine, akasema, "Imefungwa." Halafu, badala ya kwenda zake hospitali akatibiwe mdomo, akatoka akaingia kwa Mama Hadija moja kwa moja, akafungua koki. Kimya. Akafungua mfuniko wa juu. Pipa la Mama Hadija lilikuwa limejaa mchanga. Akaenda la tatu, pumba za mpunga na mawe juu. La nne, mihogo mikavu. Mtaa mzima, mlango kwa mlango, huku wingu lake la nzi likimfuata nyuma na watoto wakilifuata lile wingu, na kila alipotoka kaacha mlango umefungwa.

Jioni walikuja wote kwangu. Sitayarudia waliyoyasema, mengine hayasemeki mbele za watu, ila Mama Hadija alisimama pale kajishika kiuno akasema, "Umetuua, Mama Anjela. Tena mimi mchanga wangu ungenifaa kujitetea, mchanga mtu anatayamamu nao na swala inakubalika! Wewe uraka? Umwoshe mtu wa serikali kwa uraka?" Wengine wakacheka katikati ya kulia. Mimi sikucheka. Ndani nilikuwa na gunia la mchele na kuku kwenye tenga niliowanunua kwa ajili ya msimu, kila kitu nilichokuwa nacho kilikuwa humo, na mlango umefungwa. Baba Anjela naye, msaada wake siku hiyo ulikuwa kusema, "Nilikuuliza, na akinawa?" Nusura nimtie kwenye tenga na kuku.

Msimu ukafunguliwa, malori yakajaa, na mji mzima hauna pa kula. Wanunuzi wenye fedha mifukoni walikuwa wanatembea wanatafuna mihogo mibichi na mabibo, Bwana Afya mwenyewe nilimwona barazani kwenye nyumba ya wageni anachovya biskuti kwenye chai ya baridi, mdomo bado mkubwa. Njaa ikawashinda madereva. Wakayapakia mapipa yetu kwenye lori tupu, wakateremka nayo bondeni, wakayaleta yamejaa maji, maji kweli, mtaa mzima tukapiga vigelegele. Bwana Afya akaja akaanza tena, koki moja moja, ananawa, ananusa viganja, anasaini. Mama Hadija, amesaini. Wa pumba, amesaini. Wa mihogo, amesaini. Akafika kwangu, akanawa, akanusa.

"Bado."

"Ni maji, baba! Umeona yakitoka bondeni!"

"Ni maji yanayonuka uraka. Mtu wa dini akinawa hapa aende msikitini, watasema ametoka wapi? Mwaga, lisuguliwe, likauke juani mpaka harufu iishe. Nitarudi."

Kumwaga pipa zima la maji, Newala, mwezi wa kumi! Hata Mama Hadija aliziba macho. Nikafungua koki mwenyewe, nikayaacha yakapita katikati ya hoteli yangu, yakatoka mlangoni, nikalia waziwazi mbele ya madereva, na sakafu ikang'aa kuliko ile siku ya kwanza.

Msimu ule niliumalizia kwa Mama Hadija. Alinionea huruma, akasema lete mchele na kuku wako tupike kwangu, tupakue kwa sahani zangu, faida tugawane, ila kazi ya mbele ufanye wewe. Kazi ya mbele ni nini? Kusimama mlangoni kwake na jagi na karai nawanawisha watu mikono, mimi mwenye hoteli, nikiangalia kwa macho yangu mlango wangu uliofungwa ng'ambo ya njia. Na kila aliyenawa alinusa kwanza. Kila mmoja, wallahi, halafu anacheka. Huku nyuma pipa langu nililisugua kwa majivu, nikasugua kwa mchanga, nikasugua kwa ndimu, nikilianika linatulia mchana, usiku harufu inarudi.

Lilipokubali kutakata, malori ya mwisho yalikuwa yanafunga maturubai. Bwana Afya akaja peke yake. Akafungua koki, akanawa, akanusa, akasukutua, akameza. "Maji," akasema. Akasaini. Kisha akakaa, akaagiza wali na kuku, nikampakulia, akala peke yake katikati ya meza zote tupu. Ndiye mteja niliyempata kwangu msimu mzima.

Akiwa anakula akaniuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia tu kwamba huna maji?"

"Ungenifungia."

Akaacha kutafuna. "Nani kakwambia? Aliyekosa kitu namwandikia notisi, nampa muda wa kukitafuta, anaendelea kupika. Ninyi niliwafungia kwa kunidanganya. Mwaka huu kwa shida ya maji ningekupa mpaka mvua zinyeshe. Bibi wa Nanganga mwenyewe nilimpa muda, alikataa ndiyo nikamfungia."

Mpaka mvua zinyeshe! Mvua zinanyesha korosho zimekwisha, ningepika msimu wote, na pipa tupu pale mlangoni linasema ngoo, na hakuna ambaye angenigusa. Nilitoka nje nikasimama kwanza. Nilipata hasira ambayo sikujua nimwekee nani, yule mzee na kalamu yake, mashine ya maji, Baba Anjela, huyu kijana, na kila nikimtafuta mwenye kosa narudi kwangu mimi na matambara yangu ya kusugulia.

Basi nimeapa. Sakafu yangu nafagia kavu, vumbi likibaki na libaki, maji ya kwanza kuingia hoteli hii ni ya mikono ya watu. Na mkaguzi yeyote akifika, hata hajatoa salamu, namwambia nisichokuwa nacho, namtajia kimoja kimoja mpaka ananiomba ninyamaze. Juzi juzi Baba Anjela kaja na madumu yake kutoka Chilangala, kaliangalia pipa, kaniangalia mimi, kauliza kama lina nafasi kidogo. Nikamfungulia koki, nikamwambia anawe, anuse, halafu arudie hilo swali.